Marahaba, Saumu

Mwabungo,
Kwale.

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Shikamoo hii naiandika huku nimeweka mkono kifuani, na ukiisoma barua hadi chini utajua kwa nini. Ni mkono wa kushoto, unisamehe, kwa kuwa wa kulia umeshika kalamu. Natumai imekukuta umeketi mahali penye mwanga, maana naijua miwani yako, na natumai goti halikuumi tena unapopanda ngazi za msikiti kwenda kuadhini. Mama je, mgongo umepoa? Na Bibi amekubali kuvaa soksi asubuhi za baridi, au bado asema soksi ni za watalii? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nala vizuri, nalala vizuri. Mama Mdogo amesema niwaandikie kwamba nimenenepa, ingawa si kweli.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Baba, simu yako huiweka mezani na sauti yote juu, na kila nikipiga naisikia nyumba nzima inapumua. Bibi auliza nimekula nini, Athumani acheka, jirani akipita aitwa anisalimie, na mimi maneno yote yananirudi tumboni. Haya niliyo nayo leo ni mengi, na nataka yafike yote. Baba Mdogo anakuja huko Witu kumtazama dada yake, naye amekubali kuibeba barua. Nimemwomba asiifungue. Amesema ikiwa nene sana itambidi aifungue, ajue amebeba nini.

Wajua kwamba nilipomaliza kidato cha nne na kuja huku, Mama Mdogo alinitafutia kazi ya kusaidia katika shule ya watoto wadogo iliyo ubavuni mwa msikiti. Asubuhi ni chekechea, alasiri ni madrasa. Mkuu wa yote mawili ni Maalim Omari, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, ambaye kanzu yake hunukia udi hata akiwa bado yuko mbali. Mwalimu wa asubuhi ni Mwalimu Mutheu, mama wa Kikamba aliyehamia Ukunda na mumewe. Mimi ni wa kufunga viatu, kupangusa pua, kugawa uji na kutafuta ndara zilizopotea. Watoto waniita Ukhti, dada yao.

Kama kwetu, mtoto wa huku akimwamkia mwalimu huushika mkono wake akaubusu. Lakini hapa wanafanya kwa mstari. Asubuhi Maalim huketi kwenye kiti chake karibu na mlango, mkono wa kulia ameulaza juu ya goti, na watoto wote hupita mmoja mmoja. Shikamoo, busu. Shikamoo, busu. Yeye hujibu marahaba, marahaba, huku akizungumza na muuza maziwa au akitazama wingu. Wakimaliza kwake waenda kwa Mwalimu Mutheu. Yeye aliniambia kwamba siku yake ya kwanza, alipoona kinywa cha mtoto kinaujia mkono wake, alidhani anataka kumng'ata, akaruka mpaka kiti kikaanguka. Sasa amezoea. Na wakitoka kwake waja kwangu.

Siku ya kwanza waliponijia mimi, Baba, niligeuka nyuma nikidhani yuko mtu mwingine. Juzi tu mimi ndiye niliyekuwa nikibusu mikono ya walimu. Nilirudi nyumbani nikiutazama mkono wangu kama kitu nilichonunuliwa, na Mama Mdogo akaniuliza kama nimeungua na chungu cha uji.

Sasa nikueleze juu ya Saumu, maana yote yalianza na yeye.

Maalim alinituma nizunguke nyumba ambazo watoto wake hawajaletwa shuleni, nizungumze na wazazi. Wajua mwenyewe mimi na milango ya watu. Nilisimama nyumba baada ya nyumba nikipiga hodi kwa sauti ambayo hata kuku waliokuwa uani hawakuisikia, kisha nikaondoka nikisema moyoni kwamba hawapo. Kwa Bi Mejumaa sikuhitaji kupiga hodi, kwa kuwa alikuwa nje anamenya muhogo. Akanisukumia kisu cha pili, nami nikaketi nikamenya.

Mjukuu wake Saumu alikuwa nyuma ya mlango, amechungulia kwa jicho moja. Nilipomwona hivyo nilijiona mimi mwenyewe siku za wageni kwetu. Ana miaka sita na hakuwa amewahi kuketi darasani, kwa sababu ana pumu. Mama yake afanya kazi hotelini Diani, huja siku yake ya mapumziko tu, kwa hiyo mtoto yuko mikononi mwa bibi yake.

"Kifua cha huyu ni cha ndege," Bi Mejumaa aliniambia. "Akipata mafua, nyumba hii hailali. Na skuli ni ghala la mafua."

"Nitamwangalia, Bibi."

"Sema tena, sikukusikia."

"Nimesema nitamwangalia."

"Wewe? Kwa sauti hiyo? Akikohoa yeye, wewe hutasikika kabisa."

"Nitamwangalia kwa macho," nikasema.

Akacheka mpaka akaweka muhogo chini. Kesho yake alimleta. Yeye mwenyewe hakuondoka. Alitandika mkeka karibu na kibanda cha jikoni, akaketi hapo na kichupa cha dawa ya kuvuta ya Saumu amekifunga kwenye pindo la leso, na kila siku ikawa hivyo. Saumu aliketi karibu na dirisha, na mstarini alisimama wa mwisho daima, kichwa chini. Lakini alikuwa akijua herufi kabla ya wenzake wote, na akizitaja alinitajia mimi tu, sikioni.

Kisha ikaja baridi ya miezi hii, na watoto wakaanza kukohoa.

Mwanzo tulidhani ni mafua ya kawaida. Lakini mikeka ya darasani ilianza kuonekana, maana palipokuwa na mtoto sasa pana nafasi. Muuguzi wa zahanati akaja, akasema hii ni homa ya mafua, ni virusi, navyo hupita kwa chafya, kwa kikohozi na kwa mikono. Watoto wakauliza kama ni ile korona. Akasema hapana, lakini njia zake zafanana. Akatuagiza mtoto mgonjwa abaki nyumbani hadi apone, madirisha yafunguliwe hata kukiwa na baridi, kila mmoja awe na kikombe chake, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtu akohoe kwenye kiwiko.

Tuliyafanya yote. Baba Mdogo alituletea pipa akalitia bomba chini, tukaliweka langoni. Wazazi walilalamika juu ya madirisha, wakisema upepo ndio uletao mafua, lakini Maalim aliyafungua mwenyewe akaondoka na vitasa mfukoni. Kiwiko kilitusumbua kidogo. Mtoto mmoja, Bakari, kila akitaka kukohoa alikuwa akikamata kiwiko cha jirani yake.

Hata hivyo kikohozi hakikupungua. Mwalimu Mutheu akaniambia, "Maimuna, hawa watoto tumewaosha mpaka sabuni inatuonea huruma. Nini mbaya?" Sikujua.

Bi Mejumaa ndiye aliyejua, na si kwa elimu, bali kwa kuketi. Asubuhi moja aliniita mkekani pake.

"Nimekuwa nikiwatazama," akasema. "Mwawaosha mikono pale pipani."

"Ndiyo, Bibi."

"Kisha wapita pale mlangoni, wote, kila kinywa juu ya mkono ule ule mmoja. Halafu wa pili. Halafu wako."

Nikatazama pale mlangoni.

"Au pua zao waziacha nyumbani?"

Baba, hapo niliusikia mkono wangu. Ulikuwa umelowa. Kila siku mstari ulipokwisha ulikuwa umelowa, nami nilikuwa nikiupangusa kwenye buibui nikijisikia mwalimu. Kumbe katika ile heshima na kamasi zimo.

Bi Mejumaa hakunigombeza. Alifungua pindo la leso, akakitazama kile kichupa, akalifunga tena. "Sikulaumu, mwanangu," akasema. "Lakini jambo hili lisipotengenezwa, Saumu harudi hapa. Wenzake wakiugua walala kitandani siku chache, waamka. Huyu wangu ni pumzi."

"Mwambie Maalim, Bibi."

"Mimi? Yeye ndiye aliyemsomea mume wangu talakini kaburini. Niende nimwambie mkono wake wapitisha maradhi? Wewe ndiye uliyeniahidi."

Nilikwenda kwa Mwalimu Mutheu. Yeye alipiga makofi mara moja akasema ni kweli kabisa, mbona hatukuona. Nilipomwomba amwambie Maalim, akarudi nyuma. "Wee, mimi ni Mkamba, tena ni mtu wa kanisa. Nikisema watoto wasibusu mkono wa Maalim, hiyo itakuwa kesi. Wewe ni wao. Sema wewe."

"Mimi natoka Witu."

"Lakini unavaa buibui. Kwangu wewe ni wa hapa."

Basi nikaenda. Maalim alikuwa kibarazani, na udi wake. Akaniuliza, "Haja gani, mwanangu?" Nikafungua kinywa. Nikasema chaki zimekwisha. Akanipa chaki. Kesho yake nikaenda tena, nikiwa nimeyapanga maneno njia nzima, na nilipofika nikasema chaki zimekwisha. Akanitazama juu ya miwani. "Maimuna, hizo chaki mwaandikia au mwazila?" Nikarudi na boksi la pili.

Asubuhi iliyofuata nikafanya kosa, na ni kosa ambalo wewe ungelijua mara moja. Niliwaza kwamba ikiwa siwezi kusema juu ya mkono wa Maalim, basi angalau wangu naweza kuuondoa. Mstari ulipofika kwangu nikaingiza mikono yote miwili ndani ya buibui nikaikunja.

Bakari alikuwa wa kwanza. Akasimama akingoja. "Ukhti, mkono."

Nikatikisa kichwa. Nilidhani natabasamu, lakini nafikiri tabasamu halikutoka.

Akanitazama, akaenda zake. Akaja wa pili, na wa tatu, wakaenda vivyo hivyo. Mwisho akaja Saumu. Alitazama mahali mikono yangu ilipokuwa imejificha, akanitazama usoni. Akauliza, kwa ile sauti yake ya sikioni, "Nimefanya nini?"

Baba, wewe na Mzee Kombo mlipozozana juu ya mpaka wa shamba, hukuamini kwamba ni ugomvi mpaka siku aliyokunyima mkono baada ya swala. Ulirudi nyumbani hukula. Nami niliwanyima mkono watoto wa watu darasa zima bila neno hata moja la kueleza.

Habari ilifika majumbani mwao kabla ya jua kusimama. Kesho yake asubuhi nilipofika, kina mama walikuwa wamejaa mlangoni pamoja na watoto wao. Sikupata hata nafasi ya kutoa salamu.

"Mwanangu asema Ukhti amemkataa mkono," mmoja akasema. "Tueleze, ana ukoma?"

"Labda sisi twanuka samaki," akasema mwingine, mume wake ni mvuvi. "Tuambie tuoge ndimu kabla ya kuja."

"Wageni hawa waja na adabu zao mkobani," akasema wa tatu, bila kunitazama.

Nyuma yao nilimwona Bi Mejumaa. Alikuwa ameukunja mkeka ameutia kwapani, na mkono wa pili amemshika Saumu. Saumu alikuwa amegeuza uso kwenye leso ya bibi yake, hata jicho moja hakunipa. Nikajua kwamba wakitoka pale langoni hawatarudi, na kwamba sababu si virusi, ni mimi.

Maalim akatoka. Wote wakampisha.

"Maimuna," akasema. "Ni kweli uliwanyima watoto mkono?"

Na hapo hapakuwa na chaki za kuomba.

Nataka ujue nilifanya nini wakati ule. Nilikukumbuka wewe. Tangu utotoni nimekuona kabla ya adhana unavyokohoa kidogo, mara moja, unavyogeuka unakotakiwa kugeuka na hutazami mtu. Nilitazama lile pipa la maji. Nikasema.

"Hatusikii," akasema mama wa samaki.

Nikakohoa kidogo, mara moja, kwenye kiwiko. Nikasema tena.

Nilisema ni kweli niliwanyima, wala sikuwa na hasira na yeyote. Nikasema kila asubuhi nawapangusa pua kwa mkono huu, kisha nauweka mbele ya vinywa vyao, na kila mmoja huacha chake juu yake na kuchukua cha mwenzake. Twaosha mikono pipani, tukifika mlangoni twairudisha kazi yote nyuma. Nikasema nilipaswa kuwaeleza watoto kwanza, na wao kina mama, na sikueleza kwa kuwa naogopa kusema mbele za watu, na hata sasa naogopa. Nikasema mtoto mmoja kati yao ana kifua kidogo, na niliahidi.

Kisha Maalim akauliza polepole, "Na mkono wangu?"

Mwalimu Mutheu alikuwa dirishani. Nilimwona akifumba macho.

"Wako pia, Maalim," nikasema.

Mtu akasema astaghfirullah.

"Mkono huu wameubusu baba zao hawa," Maalim akasema. "Na mama zao. Wewe mwenyewe waubusu kila asubuhi."

"Ndiyo, Maalim. Na ndiyo sababu. Huo ndio mkono wanaoupenda wote, hakuna mtoto asiyeufikia. Ungekuwa mkono wa mtu asiyependwa, mafua yasingepata njia."

Sijui maneno yale yalitoka wapi, Baba. Sikuwa nimeyapanga. Yale niliyokuwa nimeyapanga yote yalikuwa yameliwa na chaki.

Maalim aliuinua mkono wake akautazama mbele na nyuma, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwenzake. Akataka kusema, kikohozi kikamshika. Akakiwahi kwa kiwiko, vile vile muuguzi alivyofundisha, na watoto wakaangua kicheko, maana hawakuwa wamewahi kumwona. Mama wa samaki naye akacheka, akaficha uso.

"Kwa hiyo wataka niwe nikiwaambia marahaba kwa mbali, kama redio," Maalim akaniambia.

"Mtu akikuamkia kutoka ng'ambo ya barabara huweka mkono kifuani, Maalim, nawe humjibu. Hujamlaumu."

Akafikiri. Akaketi kwenye kiti chake, mikono miwili ameifumbata mapajani, akamwita Bakari ajaribu. Bakari akasimama mbele yake, akaweka kiganja kifuani. "Shikamoo, Maalim."

"Marahaba."

Bakari hakuondoka.

"Marahaba," Maalim akasema tena, kwa sauti zaidi kidogo.

Bakari bado amesimama. Nikaelewa. Kwa watoto wale busu ndilo lililokuwa likimaliza salamu. Bila busu hakujua kama amekwisha kupokelewa. Maalim akaacha kutazama juu ya kichwa chake, akainama akamtazama usoni. "Wewe ndiye nani?"

"Bakari."

"Marahaba, Bakari."

Bakari akaenda ndani anatabasamu.

Aliyefuata naye akasimama akingoja jina lake. Maalim akageuka kunitafuta. Majina mengine hakuyajua, wale ni wengi, naye ni mzee wa mji mzima. Basi nikasimama nyuma ya kiti chake, na kila mtoto alipokuja nikamtajia jina kwa sauti yangu hii, hii ambayo mwaicheka nyumbani kwamba haivuki sinia. Alinisikia yeye peke yake. Watoto walidhani awajua wote. Marahaba, Mwanakombo. Marahaba, Rama. Marahaba, Hadija. Wengine waliingia ndani wakirukaruka. Kina mama nao hawakuondoka, kila mmoja alitaka kumsikia mtoto wake akiitwa.

Saumu hakuwa mstarini. Alikuwa bado ameshikwa mkono na bibi yake karibu na lango. Wote walipokwisha kuingia, Maalim alinyanyua kichwa akamwona. Nikainama kumtajia jina. Akaniashiria nisubiri. "Mwache aje," akasema.

Alikuja, hatua ndogondogo. Akaweka mkono kifuani, pale pale pumu yake ilipo, akasema shikamoo, na Baba, ilisikika.

Hapo ndipo Maalim aliponitegea sikio, nami nikamwambia.

"Marahaba, Saumu," akasema.

Akaja kwangu. Niliitoa mikono yangu kwenye buibui aione, nikaweka wa kulia kifuani. "Shikamoo, Ukhti." "Marahaba, Saumu." Akaingia ndani akaketi mahali pake karibu na dirisha. Nyuma yangu, karibu na kibanda cha jikoni, nikasikia mkeka ukitandikwa.

Nisikudanganye kwamba maradhi yalikwisha siku ile. Watoto wengine waliugua wiki ile, wakabaki kwao. Saumu mwenyewe alipata mafua madogo kwa binamu zake mwisho wa juma, bibi yake akafungua pindo la leso, na baada ya siku chache alirudi akiwa mzima. Hata Maalim alishikwa. Alijifungia nyumbani kwa kuwa, alisema, sheria haitazami ndevu. Lakini kila asubuhi alimpigia simu Mwalimu Mutheu, akitaka iwekwe juu ya kile kiti chake, nasi tukapitisha mstari mbele ya simu. Mimi niliinamia simu nikitaja majina. Mwalimu Mutheu akasema sasa ndiyo redio hasa. Kidogo kidogo nafasi mikekani zikajaa, na siku hizi ukipita nje ya darasa wasikia watoto wakisoma, wala husikii kikohozi.

Juzi muuguzi alipita akasema ameridhika. Asubuhi ya leo Maalim aliketi, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya goti kama zamani. "Haya, umerudi," akasema. "Lakini mwenye kamasi abaki na mkono wake kifuani." Watoto wawili wakatoka wenyewe upande wa pili bila kuulizwa. Bakari alikuwa amenawa, akaja wa kwanza, akasema shikamoo, akaubusu mkono wa Maalim.

Kisha akasimama pale pale.

Maalim akanitazama, akacheka mpaka miwani ikateleza. "Marahaba, Bakari," akasema, na mtoto akaenda. Na wote wakawa hivyo, hakuna aliyekubali kuondoka bila jina lake. Mstari sasa ni mrefu kuliko zamani, uji wapoa, Mwalimu Mutheu analalamika. Majina simtajii tena. Anayajua.

Siku niliyoondoka ulimwambia Mama kwamba watoto watanikalia kichwani kwa kuwa sina sauti. Niliwasikia kutoka chumbani. Sikukasirika, Baba, ilikuwa kweli. Ila nilitaka uyasikie haya kutoka kwangu kabla Baba Mdogo hajakusimulia kwa namna yake, kwamba nilikohoa kidogo kama ufanyavyo wewe, na wakanisikia hadi langoni.

Nisalimie Mama, nimemtumia leso kwa mkono wa Baba Mdogo, asiihifadhi, aivae. Nisalimie Bibi na soksi zake. Athumani mwambie akinicheka kwa simu tena nitamtaja kwa watoto wangu, na hao hawana huruma. Mdogo wangu Swafia aendelee kusoma kwa sauti, asinifuate mimi. Msalimie jirani yetu msuka mikeka, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza ukimwona sokoni, umwambie ninakumbuka kwamba alikuwa akinijua jina. Na Mzee Kombo, kama mmepatana. Kama bado, mpe mkono wewe kwanza.

Ukimaliza kuisoma barua hii, unijibu ile shikamoo ya mwanzo. Najua utaijibu pale pale ulipoketi, nami nitakuwa mbali nisisikie. Lakini usiseme marahaba tupu. Weka na jina.

Ni mimi bintiyo,
Maimuna